ELIMU KWA WATUMISHI NA WANANCHI: VIBAO VYA CHAPA VYA FLEKSOGRAFIA

Maandishi yaliyomo katika mfuko wa unga, kasha la dawa au lebo ya chupa aghalabu hupigwa kwa kibao kinachonyumbulika, ambacho herufi zake zimeinuka mfano wa muhuri wa ofisini. Chapa ya namna hii huitwa fleksografia. Ilianza Liverpool, Uingereza, mwaka 1890, na jina ililonalo leo ilipewa huko Marekani mwaka 1952. Kwa kuwa kosa lililomo katika kibao hurudiwa katika kila nakala, inampasa anayeidhinisha kazi hiyo afahamu vibao hutengenezwaje.

(a) Kibao cha mpira. Bamba la zinki au magnesi huchongwa kwa asidi hadi herufi zikainuka. Bamba hilo hugandamizwa katika ubao wa utomvu ili kupata kalibu, kisha mpira mbichi hushindiliwa ndani ya kalibu hiyo kwa joto la takriban nyuzi 150 za Sentigredi mpaka ukakomaa.

(b) Kibao cha fotopolima. Hiki kilienea tangu miaka ya 1970. Ni utando unaokuwa mgumu upatapo mionzi ya urujuanimno. Kwanza humulikwa kwa nyuma ili kupata msingi; kisha humulikwa kwa mbele kupitia filamu hasi. Palipopata mwanga hukaza, na pasipopata huoshwa kwa kiyeyusho au kwa maji, kulingana na aina yake. Hatimaye kibao hukaushwa na kumulikwa tena ili kisinate. Kilichooshwa kwa kiyeyusho kisipokaushwa barabara hubakia kimevimba, na chapa yake haiwi sawa.

(c) Kibao cha leza. Aina hii ilipata kujulikana katika miaka ya 1990. Badala ya filamu, utando hufunikwa kwa tabaka jeusi, na leza hulichoma pale tu panapohitajika mwanga. Nukta zake huwa ndogo zaidi, na picha hutoka safi.

Ama kuhusu unene, vibao vya milimita 1.14 na 1.70 hutumika kwa plastiki na lebo. Vya milimita 3.94 hadi 6.35 hutumika kwa makasha ya karatasi yenye mikunjo, ambayo uso wake si laini na huhitaji kibao laini. Kadhalika, wino huzingatiwa, kwani fotopolima nyingi huvimba zikikutana na viyeyusho vikali.

Ifahamike pia kwamba kibao kikizungushwa kwenye silinda, sura yake hurefuka kwa upande wa mzunguko. Kwa hiyo mchoro hufupishwa mapema, na mistari ya msimbo-pau huelekezwa sambamba na mwendo wa karatasi, ili unene wa mistari usibadilike na mashine ya dukani iweze kuisoma.

Kibao kilichokwisha kukazwa hakisahihishwi. Hutengenezwa kipya, na kila rangi ina kibao chake. Hivyo basi, kabla ya kutia saini sampuli, isomwe neno kwa neno na watu wawili, khasa vipimo vya dawa, viambato vya chakula na maonyo. Nukta ya desimali ikipotea katika kipimo cha dawa ya mtoto, hasara yake si ya fedha peke yake.