Kuteuliwa Siyo Kuchaguliwa

Mkulima wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, anunuapo mbegu za ufuta hatosheki na maandishi ya gunia. Hutia mkono ndani, akazitazama punje. Mgombea naye yafaa apimwe vivyo hivyo: chama ni gunia, mtu ni punje.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu, cha Mbulu, kiliiponyoka. Aliyekitwaa, Herman Sarwatt, naye alikuwa mwanachama wa TANU, lakini alisimama peke yake, akamshinda mteule rasmi wa chama.

Mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja, hata hivyo karibu kila jimbo lilipewa wateule wawili, mmoja mwenye alama ya Jembe, mwenzake ya Nyumba. Hapo kuteuliwa hakukumwokoa mtu. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa kwa kura kule Mwanza.

Leo mambo yamegeuka. Tangu 1992 tunavyo vyama vingi, lakini sheria haimruhusu mtu kugombea ubunge asipodhaminiwa na chama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linavunja haki ya raia. Walakini katazo lingalipo. Sarwatt wa leo, akikataliwa na chama chake, hana budi kuhamia kingine au kurudi shambani.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twasema hivi: mlango wa uchaguzi siku hizi hufunguliwa mapema, kwenye kura za maoni za chama. Mjumbe auzaye kura yake hapo kwa kanga au kilo ya sukari hajiuzi yeye tu. Huwauza na majirani wasio wanachama, ambao baadaye watatiliwa punje mbovu katika gunia zuri.

Tena, aliyeshindwa asiwe na kinyongo. Bomani hakutupwa na taifa. Baadaye alituwakilisha Marekani akiwa balozi. Na aliyeshinda akumbuke kwamba chama kilimtaja jina tu. Kiti alipewa na watu, nao waweza kukidai tena.

Baba na mama, yafundisheni haya nyumbani kabla ya siku ya kura kufika.