Kigezo Kinapobadilika Njiani: Somo kutoka Mahakama ya Juu ya India

Nchini India, anayeomba uhadhiri wa ngazi ya kuanzia katika chuo kikuu cha umma hutakiwa kufaulu mtihani wa kitaifa uitwao NET. Mwaka 2006 wenye shahada ya uzamivu walisamehewa mtihani huo. Mwaka 2009 Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ikaupunguza msamaha: ukabaki kwa waliopata uzamivu kwa utaratibu mpya, wenye masharti makali zaidi, uliotangazwa mwaka huohuo. Waliohitimu zamani wakafungiwa mlango.

Wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu kadhaa ziliwakatalia. Ile ya Allahabad ikawakubalia. Machi 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kanuni mpya ni halali. Hoja yake yafaa isomwe polepole. Kustahili kuomba kazi si sawa na kuwa na haki ya kazi hiyo. Kanuni ilihusu ajira za baadaye tu, hata kama ilizigusa shahada za zamani. Kisheria hoja hiyo ina nguvu. Kwa aliyetumia miaka mingi katika utafiti, ni faraja ndogo. Tume yenyewe ililegeza msimamo mwaka 2016, ikawasamehe walioandikishwa kabla ya Julai 11, 2009, mradi, pamoja na masharti mengine, tasnifu ilipimwa na watahini wasiopungua wawili wa nje.

Je, vigezo vyaweza basi kubadilishwa wakati wowote? Hapana. Novemba 7, 2024, majaji watano wa mahakama hiyo waliamua shauri la ajira za watafsiri katika Mahakama Kuu ya Rajasthan. Waombaji 21 walikwisha kufanya mtihani ndipo kiwango cha asilimia 75 kikawekwa. Watatu tu wakapita. Majaji walieleza kwamba mchakato wa ajira ya umma huanza tangazo linapotolewa na huisha nafasi zinapojazwa. Katikati, sifa za kustahili hazibadilishwi, ila pale kanuni zilizopo au tangazo lenyewe linaporuhusu, na hata hapo bila uholela.

Mhudumu wa afya, na hata mgonjwa aliyewahi kushiriki utafiti wa dawa, ataitambua mantiki hii: vigezo vya kupokea washiriki huandikwa kabla ya wa kwanza kuandikishwa. Anayevibadilisha baada ya kuona matokeo hupoteza imani, hata akiwa na nia njema.

Majaji waliongeza kwamba jina kuwamo katika orodha ya waliochaguliwa halimpi mtu haki kamili ya kuajiriwa. Lakini nafasi zikiwapo, mwajiri wa umma hawezi kumwacha bila sababu ya kweli.