Mkutubi na Takwimu za Biashara

Zamani kazi ya mkutubi wa chuo kikuu ilieleweka kuwa ni kutunza vitabu na kuviazimisha. Siku hizi, katika vyuo vikuu vingi, mkutubi huwafundisha pia wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara namna ya kutafuta data, kuzikagua na kuzihifadhi. Jambo hili si la ajabu. Maswali yanayoulizwa kuhusu kitabu, yaani kimeandikwa na nani, lini na kwa ushahidi gani, ndiyo yanayopasa kuulizwa kuhusu jedwali la tarakimu. Somo lina hatua tatu.

1. Chanzo na kipimo
Mwaka 2014 Kenya ilibadili mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, kutoka 2001 hadi 2009. Kwa hesabu mpya, pato la mwaka 2013 lilizidi lile la hesabu ya zamani kwa takriban asilimia 25. Mashamba na viwanda vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kipimo. Anayechanganya hesabu hizo mbili katika jedwali moja hujidanganya.

2. Ukaguzi
Tuseme duka liliuza mifuko 20, 30 na 40 ya saruji kwa siku tatu, na siku ya nne haikuandikwa. Wastani wa siku zinazojulikana ni 30. Anayejaza sifuri katika pengo hupata 22.5. Pengo si sifuri.

3. Kumbukumbu ya kila hatua
Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu nchi zilizoendelea. Walieleza kwamba pale deni la serikali lilipozidi asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi ulikuwa, kwa wastani, asilimia –0.1 kwa mwaka. Makala hiyo ilitajwa sana na viongozi waliotaka kupunguza matumizi ya serikali.

Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alijaribu kurudia hesabu ile asipate jibu lile. Alipopewa jedwali lenyewe la kompyuta, aliona kwamba kanuni ya wastani iliruka nchi 5 kati ya 20. Yeye na walimu wake walipolisahihisha kosa hilo, na kubadili pia uteuzi wa data na uzito wa kila nchi, walipata asilimia 2.2. Waandishi wa kwanza walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kuutetea msimamo wao.

Kosa hilo lilifichuliwa kwa sababu jedwali lilikuwa limehifadhiwa na likatolewa kwa aliyelihitaji. Hesabu isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haiaminiki, hata ikiwa imetungwa na bingwa.

Zoezi
Chagua jedwali moja la takwimu katika maktaba ya shule. Andika chanzo, mwaka na kipimo chake, kisha kokotoa upya jumla yake. Je, jibu lako linalingana na lililochapishwa?