Lutu Aliinua Macho

Andiko la somo: Mwanzo 13:5–18

Wiki hii tunasoma habari za watu wawili waliotazama nchi moja kutoka mahali pa juu. Wengi tuliisikia tangu shule ya Jumapili, ndiyo maana tunaipita mbio.

Abramu na Lutu walikuwa vilimani, kati ya Betheli na Ai. Malisho hayakutosha, wachungaji wao wakagombana. Sasa Abramu ndiye mzee, na Lutu ni mtoto wa ndugu yake. Kwetu huku tungetarajia mzee achague na kijana ashukuru kwa kilichobaki. Abramu aligeuza mambo: akamwambia kijana achague upande autakao, yeye atachukua ule mwingine. Mstari wa 10 unasema Lutu aliinua macho, akaona bonde la Yordani limejaa maji. Basi. Hakuuliza majirani wa kule ni watu wa namna gani, na mstari wa 13 unatuambia walikuwa nani.

Mliowahi kupanda Chyulu mtanielewa haraka. Kile kilele kinapita mita 2,100. Siku isiyo na ukungu unaona Kilimanjaro upande mmoja, na upande huu wetu uwanda wa Kibwezi na msitu wake. Mandhari ya kumfanya mtu aimbe, hata asiye na sauti! Lakini hebu tafuta mto huko juu. Hakuna. Mvua, na ukungu unaonaswa na miti ya kileleni, huzama kwenye mawe ya volkano na kusafiri chini ya ardhi. Maji hayo hutokea Umani ndani ya msitu wa Kibwezi, hutokea Makindu, hutokea Mzima kule Tsavo Magharibi, ambako viboko wanaoga kwenye mabwawa maangavu. Na kutoka Mzima kuna bomba linalopeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Mtu wa Mombasa anateka Chyulu na hajui.

Kwa hiyo ukigawa nchi hiyo kwa macho tu, utasema kilima ni kikavu na chemchemi ndiyo mali. Kumbe aliyepewa chemchemi anakunywa kutoka kwa ndugu yake aliyepewa kilima. Msitu wa juu ukikatwa wote ukawa makaa, wa chini naye atachimba mchanga kama sisi wengine tunavyochimba mtoni mwezi wa Septemba.

Nayasema haya kwa sababu ya mashamba. Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, nyumba nyingi za waliookoka zina ndugu wasiosalimiana. Ukiuliza chanzo, utaambiwa ni kile kipande cha karibu na mto, au kile chenye miembe ya baba, au cha barabarani ambapo mtu anaweza kujenga duka. Mzee amezikwa, matanga hayajaisha, na tayari kuna aliyeshika hati na kuificha. Jumapili wote wawili wanainua mikono. Mimi sioni tunavyoweza kuendelea kufundisha juu ya baraka huku tukinyamaza kuhusu jambo hili.

Angalia mstari wa 14. Mungu alisema na Abramu baada ya Lutu kuondoka. Ni baada ya kuachilia ndipo alipoambiwa naye ainue macho, pande zote nne. Halafu mstari wa 17 akaambiwa aondoke aitembee hiyo nchi, urefu na upana wake. Kutazama kutoka juu hakukutosha, ilibidi miguu ifike. Akahamia Hebroni, akamjengea Bwana madhabahu. Lutu alijongeza hema mpaka Sodoma, na hapo hatusomi habari ya madhabahu.

Sasa fungua sura ya 14. Vita vinakuja, Lutu anachukuliwa mateka pamoja na mali yake yote. Habari zinamfikia Abramu. Angeweza kusema, “Si ulichagua mwenyewe?” Badala yake alitoka na watu 318, akawafuata adui usiku mpaka Dani na zaidi, akamrudisha Lutu na vitu vyake.

Kwa ushirika wa nyumbani: Someni 14:12–16. Je, katika ukoo wenu nani alichagua kwanza, na ni nani hajala nyumbani kwako tangu mpimaji wa ardhi aondoke? Mwombeeni kwa jina, kisha mmoja ampigie simu kabla ya Jumapili.