Mkutano wa Kijiji na Muhtasari Wake

Wasomaji wetu wa Turiani wajua ya kuwa ardhi ya kwao, baina ya mashamba ya miwa ya Mtibwa na milima ya Nguru, yatafutwa na wengi: mkulima wa mpunga, mfugaji, na mgeni mwenye fedha. Nani basi aamue apewe nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yajibu wazi: halmashauri ya kijiji haina ruhusa kugawa ardhi isipopata kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe mzaliwa au mhamiaji.

Tuseme kweli, kusanyiko la namna hii ni gumu kuliongoza. Walio mbele husema sana. Akina mama, ambao jembe walijua kuliko wasemaji wengi, huketi nyuma wakanyamaza. Mfugaji akisimama pengine huzomewa kabla hajamaliza neno. Mwenyekiti mwema huwauliza kwanza wa nyuma.

Lakini hatari kubwa kupita hizo imo katika karatasi. Maneno ya watu mia mbili hubaki mkononi mwa mwandishi mmoja, na orodha ya mahudhurio yaweza kuambatishwa na azimio ambalo hakuna aliyelisikia. Dawa yake haina gharama. Kabla watu hawajatawanyika, muhtasari usomwe kwa sauti, hesabu ya ekari itajwe, na mipaka itajwe kwa mito na miti ijulikanayo, maana asiyejua kusoma naye ana masikio. Mwandishi akikataa kuusoma, aulizwe sababu palepale, mbele ya wote.