Mabati ya Kanisa na Kura ya Mhazini

Barua iliyoifikia safu hii kutoka Kiunga, upande wa Kenya wa mpaka unaoelekea Ras Kamboni nchini Somalia, ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa imeachwa nje kwa kuwa inarudia mafungu ya Biblia ambayo kila Mkristo aliyepitia mafundisho ya kipaimara anayajua. Mwandishi wake ni Mkristo mzaliwa wa Mpeketoni, anayefanya biashara ya kamba mawe kwa ushirika na nahodha wa Kibajuni ambaye jamaa zake wako Ras Kamboni. Kanisa lake bado ni lile la nyumbani Mpeketoni, na huko ndiye mhazini, yaani mwenye dhamana ya kupokea, kutunza na kutolea hesabu fedha za waumini. Anauliza kama Mkristo anaweza kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa 10 Agosti 2027 bila kuitia imani yake doa, kama anaweza kumpigia mgombea Mwislamu, na kama si heri ashinde nyumbani siku hiyo akisali. Kisha, karibu na mwisho wa barua, katika sentensi moja tu, anaeleza kuwa mwanasiasa anayetajwa kuutaka ugavana wa Lamu alileta fedha za kuezekea kanisa, kwamba wazee walimwahidi kuwa waumini "watasimama na mtu wa kwao", na kwamba fedha hizo "hazikuandikwa daftarini kwa sababu ya haraka".

Sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa zote zilizoitangulia. Msomaji huyo anadhani yuko kizingitini, anajiuliza aingie katika siasa au asiingie, ilhali aliingia zamani, siku alipozipokea fedha za mgombea na kuliacha daftari la kanisa likiwa limefungwa.

Maswali yake matatu yanajibika upesi. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aliitaja mamlaka ya serikali kuwa ni utumishi, na Petro, aliposimama mbele ya baraza la Yerusalemu, aliuwekea mpaka utii wa mamlaka hiyo. Kati ya mafundisho hayo mawili Mkristo ana nafasi pana ya kuchagua watawala wake, na hata ya kujiunga na chama, mradi asiwe ameshika funguo za sanduku la sadaka wakati huohuo. Kumpigia mgombea Mwislamu si dhambi, kwa kuwa gavana hachaguliwi kuongoza ibada: Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika ibara ya 8 kwamba nchi haina dini ya taifa, ibara ya 91 inakataza chama cha siasa kuanzishwa juu ya msingi wa dini, na kazi za kaunti ni hospitali, shule za chekechea, barabara za kaunti, uvuvi na mengine ya namna hiyo, ambayo mgonjwa na mvuvi huyahitaji bila kuulizwa wanasali wapi. Kukaa nyumbani nako kunaruhusiwa, maana sheria ya Kenya haimlazimishi raia kupiga kura. Lakini msomaji huyu hakimbii uchafu wa siasa anapotaka kukaa nyumbani. Anakimbia deni ambalo hakulikopa yeye peke yake, na ambalo anajua fika kuwa litadaiwa.

Neno "haraka" halikubaliki hata kidogo. Fedha zile zilihesabiwa, mabati yakanunuliwa na kusafirishwa, misumari ikapimwa, fundi akalipwa ujira wake, na katika siku zote hizo mhazini hakupata dakika ya kuandika mstari mmoja. Jumapili zilezile, bila shaka, aliandika sadaka ya mama anayeuza mboga, pengine shilingi 50, akataja na tarehe. Mtu anayeandika shilingi 50 na kusahau fedha za paa zima hakusahau. Aliogopa kwamba mstari huo, ukishaandikwa, ungelazimika kuwa na jina la mtoaji na kusudi la utoaji, na kusudi lenyewe lisingeweza kusomwa mbele ya waumini bila baadhi yao kuinuka na kuuliza ni nani aliyewauza.

Hapa ndipo safu hii inaposhikilia kwa nguvu zote, kwa kuwa heshima ya mhazini haikai mahali pengine zaidi ya daftari lake. Fedha iliyoandikwa ina kikomo, kwa maana inajulikana ni kiasi gani, imetoka wapi, imefanya nini, na siku ilipokwisha; fedha isiyoandikwa haina kikomo, na aliyeitoa anaweza kurudi mwaka huu na mwaka kesho akidai zaidi, kwa sababu hakuna karatasi inayosema kuwa shukrani zake zilimalizika. Paulo, aliyekuwa na kila sababu ya kuaminiwa, hakukubali kuupeleka peke yake mchango wa Wakorintho kwa maskini wa Yerusalemu, bali alitaka asafiri pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na katika barua ya pili kwa Wakorintho akaeleza wazi kuwa alifanya hivyo ili mtu asipate la kumlaumu. Samweli naye, alipokuwa akiuaga uongozi wa Israeli, alisimama mbele ya taifa zima akataka atajwe mtu ambaye yeye alimnyang'anya ng'ombe au aliyempa rushwa. Hao wawili hawakuwa watu wa kushukiwa. Walielewa kuwa mtumishi wa Mungu anayeshika mali ya watu hana haki ya kusema "niaminini" mahali panapohitaji hesabu.

Lipo pia suala la sheria, nalo si dogo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mpokeaji wa rushwa ya kura kuwa mkosaji pamoja na mtoaji. Kama fedha za mabati zinaingia moja kwa moja katika kosa hilo, wakili ndiye wa kupima. Lakini ahadi iliyofungamanishwa nazo, ya kwamba waumini watasimama upande mmoja, inazisogeza karibu mno na kosa hilo kiasi kwamba mhazini mwenye busara hawezi kulala usingizi.

Tena ahadi hiyo inavunja jambo ambalo makanisa ya Kenya yenyewe yalilipigania. Mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee nchini, kiliamua kuwateua wagombea wake kwa mlolongo, utaratibu ambao wapigakura walijipanga hadharani nyuma ya mgombea au picha yake na kuhesabiwa vichwa. Wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, waliupinga mwaka huohuo, wakieleza kuwa mchungaji hawezi kuonekana amesimama nyuma ya mtu mmoja na kesho yake akawachunga waliosimama nyuma ya mwingine. Na maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walitukanwa majukwaani kwa kuusema vibaya mlolongo huo. Ulitumika hata hivyo katika uteuzi wa 1988, ukazaa malalamiko mengi, na ukafutwa kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Leo ibara ya 38 ya Katiba inampa kila raia mtu mzima haki ya kura ya siri. Wazee wa kanisa la msomaji wameurudisha mlolongo ndani ya nyumba ya ibada, tena mlolongo mbaya kuliko ule wa zamani, kwa kuwa mwaka 1988 mtu alijipanga kwa miguu yake, na hapa watu wamepangwa bila hata kuambiwa.

Makanisa yalipowahi kusahau somo hilo, gharama ilikuwa kubwa. Baada ya ghasia zilizoufuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo hata kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo kujiokoa, NCCK ilikiri hadharani Februari 2008 kuwa viongozi wa makanisa waliegemea pande za siasa, na ikaomba radhi. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, akiwa Butere, aliwakataza wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru Rais William Ruto arudishiwe shilingi milioni 2.6 alizozitoa katika parokia ya Soweto jijini humo. Ikiwa fedha ya rais inaweza kurudishwa, fedha ya anayeuwania ugavana inaweza kurudishwa pia.

Limebaki jambo linalouma zaidi. Msomaji anaeleza kwamba tangu paa liezekwe haketi tena barazani na nahodha wake jioni, na kwamba nahodha alipomuuliza kwa wema atampigia nani, aligeuza mazungumzo. Hilo ni jibu la dhamiri, maana "mtu wa kwao" aliyeahidiwa kura ni mtu atakayewekwa dhidi ya Mbajuni, na mhazini anajua kuwa paa lake limelipwa kwa kumtenga mshirika wake. Nahodha anatoka katika jamii ambayo upande wa pili wa mpaka haijapata sauti kamili. Somalia yote kwa pamoja haijachagua bunge la taifa kwa kura ya kila raia tangu Machi 1969. Viti vyake vimegawanywa kwa utaratibu wa nne na nusu uliokubaliwa katika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, ambao unazipa koo nne kubwa mafungu yaliyo sawa na kuzirundika jamii nyingine zote, Wabajuni wakiwemo, katika nusu fungu. Novemba 2024 bunge la jimbo la Jubaland lilimrudisha rais wa jimbo hilo, Ahmed Madobe, madarakani, serikali ya Mogadishu ikaukataa uchaguzi huo, na 11 Desemba 2024 majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Ras Kamboni penyewe, hata mamia ya askari wa serikali ya shirikisho wakavuka kuingia Kenya. Mtu ambaye ndugu zake wamesikia risasi zikiamua uchaguzi ambao wao hawakuulizwa hastahili kuona kura ya rafiki yake, iliyo huru, ikiuzwa kwa bei ya mabati.

Na Mpeketoni si mahali pa kuchezea hesabu za dini. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa katika mji huo na vijiji vya jirani, kundi la Al-Shabaab likadai kuhusika, na walionusurika wakasimulia jinsi wanaume walivyoulizwa dini yao kabla ya kuuawa. Katika mji uliopitia hayo, mzee wa kanisa anayewatenganisha watu kwa dini ili apate mabati ametenda kosa zito, na mhazini aliyenyamaza ameshirikiana naye.

Msomaji na aandike mstari ule daftarini sasa, kwa tarehe ya leo, akieleza siku halisi fedha zilipopokelewa. Asithubutu kuandika tarehe ya nyuma, maana hapo atakuwa ameongeza uongo juu ya ukimya. Atoe risiti kwa jina la mtoaji, awatake wazee hesabu hiyo isomwe mbele ya waumini, na ahadi ya kura ifutwe kwa barua itakayofika kwa mwanasiasa mwenyewe. Waumini wakiamua kuzirudisha fedha hizo kidogokidogo kwa michango yao, lichukuliwe kuwa ni jambo la heshima. Wazee wakikataa yote, akabidhi daftari na funguo za sanduku mbele ya mashahidi, abaki kuwa muumini wa kawaida. Nahodha aelezwe mapema, na aelezwe na msomaji mwenyewe, kabla habari hazijamfikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kisha 10 Agosti 2027 aende kituoni akapige kura kwa kadiri anavyoona ni haki, kwa Mkristo au kwa Mwislamu, na mzee yeyote wa kanisa atakayemuuliza amempigia nani hana haki ya kujibiwa.