Malenga Asiye na Diwani: Mpangilio wa Miungano ya Nje katika Hifadhidata

Makala haya yanadhamiria kubainisha ni kwa nini majedwali ya hifadhidata hayawezi kuunganishwa kwa mpangilio wowote ule pale muungano wa nje unapohusika.

Mwaka 1979, watafiti wa IBM walieleza jinsi mfumo wa System R ulivyokadiria gharama za mipangilio mbalimbali ya kujibu swali na kuchagua ulio nafuu. Kazi hii si haba: majedwali 4 yanaweza kufuatana kwa njia 24, ilhali majedwali 10 yana njia 3,628,800. Muungano wa ndani hubakiza safu zenye wenzi tu; kwa hivyo, popote tuanzapo, tokeo ni lile lile. Muungano wa nje huhifadhi safu zote za jedwali la kwanza, hata zisizo na wenzi, na kujaza mapengo kwa thamani tupu.

Tuchukue mfano wa ushairi wetu. Jedwali la Watunzi lina Muyaka bin Haji, Abdilatif Abdalla na malenga wa tatu ambaye tungo zake hazijachapishwa. Jedwali la Diwani lina *Diwani ya Muyaka* (1940) na *Sauti ya Dhiki* (1973). La tatu ni la Wachapishaji. Tukiunganisha Diwani na Wachapishaji kwanza kwa muungano wa ndani, kisha tukayaambatisha kwa Watunzi kwa muungano wa nje, tutapata safu 3. Tukianza na Watunzi na Diwani kwa muungano wa nje, ndipo tuunganishe Wachapishaji kwa muungano wa ndani, tutapata safu 2. Thamani tupu hailingani na mchapishaji yeyote. Malenga wa tatu hutoweka, wala tarakilishi haitoi onyo.

Je, mpangilio haubadiliki kamwe? La hasha. Miungano yote miwili ikiwa ya nje, na sharti la kuunganisha Diwani na Wachapishaji likikataa thamani tupu, tunaweza kuanza na wowote. Aidha, tukitaka diwani zilizochapishwa kabla ya 1970 pekee, sharti hilo lenyewe humwondoa asiye na diwani. Hapo muungano wa nje huwa sawa na wa ndani, na uhuru wa kupanga hurejea.

Inabainika, basi, kwamba kasi haina faida ikiwa jibu limebadilika. Mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kuwahesabu watunzi wake kabla na baada ya kuunganisha majedwali, kwani wasiochapishwa ndio wa kwanza kupotea.